Aitwe Nani Kliniki?

Kuna mtoto wa darasa la tano ambaye kwa siku kumi mfululizo analala masaa matatu tu, anaamka ana nguvu kuliko jana, anaongea bila kituo, anagawa vitu vya nyumbani kwa watoto wa jirani na kumwambia mwalimu mkuu kwamba shule hii ingemfaa yeye kuiongoza. Mwezi unaofuata ndiye huyo huyo hatoki kitandani, sahani inarudi jikoni ilivyokwenda, na akiulizwa anasema bora asingezaliwa. Ukiwa Sakina au Kwa Mrombo, hapa Arusha, majirani watasema amechezewa. Ukipanda Akheri au Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, watauliza kwao mama yake wakoje. Shuleni wataandika utovu wa nidhamu. Ikitokea bahati akafikishwa kliniki ya afya ya akili, na mtaalamu asiye na haraka akasema ni baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au kwamba ni sonona peke yake, linabaki swali ninaloliweka mezani leo: aelezwe nani?

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asinitafute. Naamini waelezwe wote wenye kauli juu ya mtoto huyo, na mtoto mwenyewe akiwemo, kwa mafunzo ya wiki kadhaa yenye mpango. Kumweleza mama peke yake, kama ilivyozoeleka, ni kumpa maarifa mtu ambaye hakupewa rungu. Lakini hoja hii ina wapinzani wa kweli, na haifai niwasemee kwa mkato. Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe kutokana na misimamo inayosikika Arusha kila jambo hili linapoguswa: sista wa kliniki, mzee wa ukoo wa Kimeru, mama mwenye mtoto mgonjwa, mwalimu wa shule ya msingi, na kijana wa kidato cha tatu aliyekua na ugonjwa huu. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

SISTA: Dirishani natoa dawa kwa dakika tano, na foleni nyuma inasukuma. Mama anaitikia kila ninachosema, na anaelewa kweli. Anapanda haisi anarudi nyumbani. Baada ya wiki sita mtoto analetwa amefungwa kamba. Nikidodosa nakuta baba aliona mtoto ametulia akaamuru dawa zikome, zisije zikamharibu. Bibi alimwacha akeshe na redio kwa sababu mtoto alionekana mwenye furaha. Mjomba alimchapa siku aliyomtukana. Wote wanampenda, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa mbele yangu. Nasema niletewe nyumba nzima, mara nane, saa moja na nusu kila mara, niwafundishe ugonjwa huu kama tunavyofundisha kisukari.

MZEE: Binti yangu, hilo la kuita nyumba nzima unatufundisha sisi? Wameru tuna mshili, kiongozi wake, kwa kila ukoo. Mtu akiharibikiwa haachwi peke yake. Watu wanaitwa, wanakaa, wanasema mpaka jua linazama. Serikali ya kikoloni ilipotuhamisha kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, tulikaa hivyo hivyo, tukachanga fedha, tukamtuma Kirilo Japhet akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Watu waliofika New York kwa vikao vya ukoo watashindwa na mtoto asiyelala?

SISTA: Shikamoo mzee, na wala sibishi. Kukaa mnajua. Ninachoshindana nacho ni swali mnalokaa nalo. Ukoo ukikaa juu ya ardhi unauliza: tufanye nini? Ukikaa juu ya mtoto anayeumwa akili unauliza: nani kasababisha? Hilo swali la pili halijawahi kumlaza mtoto hata usiku mmoja.

MAMA: Na jibu lake nalijua kabla kikao hakijafunguliwa. Ni mimi. Kwetu kuna marehemu mjomba aliyekuwa akitembea barabarani akihubiri usiku, basi mimi ndiye niliyeleta damu hiyo. Nikimbembeleza mtoto, namdekeza. Nikimkemea, ndiyo maana amechanganyikiwa. Nimeolewa miaka kumi na nne katika boma lile na sijawahi kuketi kikao ambacho nilitoka nikiwa na nafuu.

Hapa sinyamazi, kwa sababu mama huyu anashitakiwa na wengi kuliko anaowajua. Wataalamu wenyewe walimshitaki. Mwaka 1948 daktari mashuhuri wa akili, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika nchini Marekani kwamba mama wa namna fulani, mkali na baridi, ndiye anayemtia mwanawe skizofrenia. Kwa miaka mingi baada ya hapo, akina mama wa Ulaya na Marekani walitazamwa hospitalini kama kisa cha ugonjwa, si wenzi wa tiba. Tiba ya kufundisha familia ilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na kuchoshwa na lawama hiyo.

Kabla tiba hiyo haijazaliwa, kule London, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake walikuwa wamegundua jambo lililowashangaza. Wagonjwa walioruhusiwa kurudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliokwenda kukaa kwa ndugu zao wa kuzaliwa au kwenye vyumba vya kupanga. Walipochunguza, walikuta mambo matatu: masimango, uadui, na kumkalia mgonjwa hadi anakosa pumzi. Ukisoma ugunduzi huo vibaya unarudi kwenye lawama. Ukiusoma vizuri unaona mlango: masimango hayarithiwi, yanaweza kupunguzwa, na mtu anayejua kwamba uvivu anaouona ni sonona hupungukiwa na sababu ya kusimanga. Kufikia mwaka 1980 akina Carol Anderson na Gerard Hogarty walikuwa Pittsburgh wakiwafundisha ndugu wa wagonjwa kuhusu ugonjwa wenyewe, waziwazi, kama unavyomfundisha mwenye nyumba namna ya kuishi na moyo mbovu wa baba yake.

Kwa watoto, kazi iliyokwenda mbali ni ya Mary Fristad wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Yeye na wenzake walichukua watoto 165 wa miaka 8 hadi 12 wenye magonjwa ya hisia, pamoja na wazazi wao. Karibu nusu walianza mafunzo mara moja na waliobaki wakasubiri mwaka mmoja, wote wakiendelea na matibabu yao ya kawaida. Vikao vilikuwa vinane, vya dakika tisini. Wazazi na watoto walianza pamoja, wakatengana vyumba viwili, wakamalizia pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba dalili za hisia zilipungua zaidi kwa watoto ambao familia zao zilipata mafunzo. Kauli waliyopewa wazazi siku ya kwanza ilikuwa na maana hii: kosa si lenu, ila kazi ni yenu.

MZEE: Kauli hiyo naipenda. Lakini Ohio si Poli kwetu. Kule baba ni mmoja, mama mmoja, watoto wawili na mbwa. Hapa mtoto ana baba wadogo wanne.

SISTA: Nionyeshe kwanza kinachofanyika ndani ya chumba, mzee, halafu useme kama hakiwezi kuingia Poli. Nachukua daftari la kawaida, la duka lolote. Nafungua karatasi katikati, napiga mstari. Kushoto mtoto anaandika yeye ni nani: anapenda mpira, anachora, anamchekesha mdogo wake, anajua kukamua. Kulia anaandika ugonjwa unafanya nini: haulazi, unatukana, unavunja, unalia, unasema jifiche. Baba anakaa pembeni anaangalia mkono wa mwanawe ukiandika. Kisha nakunja karatasi ile, upande wa kulia unafunika wa kushoto. Nawauliza, mnamwona mtoto? Hawamwoni. Nakunjua, mtoto yuko pale pale na mpira wake na ng'ombe wake. Sihitaji umeme wala kompyuta. Nimeona baba mtu mzima akiishika karatasi hiyo akashindwa kuongea.

MWALIMU: Karatasi nzuri. Ila ngoja niulize swali gumu, kwa sababu watoto hao nakaa nao mimi saa nane kwa siku, sabini na kitu katika darasa moja. Unampa mtoto wa miaka kumi jina la ugonjwa ambalo hata watu wazima linawamaliza. Kesho yake mama anamwambia jirani, jirani anamwambia mwanawe, na mwanawe yuko dawati la pili. Huyo mtoto hataitwa tena jina lake. Na je, mna uhakika? Watoto wa siku hizi wana hasira, wana njaa, wana wazazi wanaopigana usiku. Kila mwenye hasira ni baipola?

Mwalimu ana haki, na ushahidi wa kumuunga mkono ni mzito kuliko anavyodhani. Nchini Marekani, ziara za kliniki ambamo mtu mwenye umri wa chini ya miaka 20 aliandikiwa baipola zilikuwa 25 kwa kila watu 100,000 katika miaka ya 1994 na 1995. Kufikia 2002 na 2003 zilikuwa 1,003. Damu ya watoto haiwezi kubadilika mara arobaini katika miaka minane. Kilichobadilika ni kalamu ya madaktari. Watoto wengi waliokuwa na hasira za kila siku walipewa jina la ugonjwa ambao kwa kawaida huja kwa vipindi, na dawa nzito zikafuata. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliongeza kundi jipya la watoto wenye hasira sugu, kwa sehemu ili kuizuia kalamu hiyo. Kwa hiyo anayeleta mafunzo haya Arusha akidhani atawakuta watoto wa baipola kila kona, atakuwa ameleta na kosa lake.

SISTA: Nakubali kabisa, na ndiyo sababu siku ya kwanza sianzi na jina. Naanza na malaria. Naanza na kifafa, maana kuna kifafa kisichoangusha mtu ila kinambadilisha tabia. Natazama tezi, natazama kama mtoto mkubwa anavuta bangi, na tunaoishi hapa tunajua mashamba ya bangi ya Kisimiri yako umbali gani. Nauliza kama kuna anayemdhuru nyumbani. Halafu nawapa familia kalenda: kila siku, masaa aliyolala, alikula nini, hasira zilikuwaje, kicheko kilikuwaje. Mwezi mmoja, miwili. Mwalimu, kalenda hiyo ndiyo inayotofautisha mtoto mwenye hasira kila siku na mtoto ambaye siku kumi na mbili amekuwa mtu mwingine. Siwezi kuijaza mimi. Anaijaza anayelala nyumba moja naye. Kumbe familia isipofundishwa, hata jina sahihi silipati.

MWALIMU: Na shule?

SISTA: Shule iambiwe kile inachohitaji tu. Si lazima ujue jina la ugonjwa. Ujue kwamba mtoto huyu asipolala anaumwa, kwamba dawa inamkausha mdomo hivyo aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni, na kwamba wiki akiwa amepanda asichapwe.

MWALIMU: Hapo ndipo pagumu. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Nikimwacha mmoja, wale sabini wataniuliza ana nini.

MAMA: Waambie ana ugonjwa. Wa pumu unawaambia nini?

Mwalimu hakupata jibu, na sidhani kwamba ninalo la kumpa. Mimi nisingetaka mtoto yeyote achapwe, mgonjwa au mzima. Lakini mwalimu anayesimama mbele ya watoto sabini anaishi ndani ya utaratibu ambao hakuutunga peke yake, na kikao cha familia hakiwezi kuubadilisha. Kinachoweza kufanya ni kumleta mwalimu mmoja, yule anayeaminiwa na mtoto, aketi kikao kimojawapo.

MZEE: Mimi bado nasubiri habari za huku kwetu. Mmesema London, mmesema Ohio.

Zipo, mzee, na baadhi ziko karibu. Hapo Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walianzisha Sauti ya Vijana, mpango wa afya ya akili kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vikao kumi ni vya kikundi, na viwili kati yake huwaleta walezi. Vingine viwili ni vya kijana mmoja mmoja. Wanaoviongoza ni vijana wenyewe waliofundishwa. Dar es Salaam na Mbeya, watafiti wa Muhimbili na washirika wao wamejaribu mafunzo ya familia kwa watu wazima wenye magonjwa ya akili ya kuona na kusikia yasiyokuwepo. Mpango huo unaitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, na umekalisha wagonjwa na ndugu zao katika vikundi vya familia kadhaa kwa pamoja. Nchini Uganda, katika eneo la Masaka, vikundi vya familia vilipelekwa kwenye shule za msingi 26 kwa watoto wakaidi na wagomvi: vikao kumi na sita, vikiongozwa ama na wazazi wenzao ama na wahudumu wa afya wa jamii. Waliviita Amaka Amasanyufu, familia zenye furaha. Ukaidi ulipungua kwa watoto wa vikundi hivyo kuliko kwa wenzao wasiokuwa navyo.

Hakuna hata mmoja kati ya mipango hiyo mitatu ambao ulikuwa wa mtoto wa Kitanzania mwenye baipola. Nalisema ili hoja yangu isibebwe na ushahidi wa jirani kana kwamba ni wake. Ila mambo mawili yamethibitika kwenye udongo wetu: familia zetu zinakubali kuketi pamoja na familia nyingine zenye mgonjwa, na anayeongoza si lazima awe daktari bingwa. La pili ndilo linalonipa matumaini, maana mabingwa wa akili ya watoto nchini ni wachache mno, na hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka mnara wa saa wa Arusha.

KIJANA: Shikamooni. Naomba niseme kwa sababu mmekuwa mkigawana kikao changu muda mrefu. Mimi niliambiwa ugonjwa wangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimekunywa dawa miaka mitatu. Nilidhani ni za kichwa. Siku niliyoambiwa nilikasirika, halafu nikalala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba mimi ni mtu mbaya. Kwa hiyo sista, nakuunga mkono: watoto waambiwe. Lakini ninyi wazee mkisema familia nzima, mnamaanisha watu ishirini. Baba mkubwa akishajua, pombe ikimwingia, kijiji kizima kinajua. Mimi nataka nichague nani aje.

MZEE: Mtoto hachagui nani ni baba yake mkubwa.

KIJANA: Hachagui, babu. Ila anajua nani anamtunzia siri.

MZEE: Na mimi je, ungeniita?

KIJANA: Wewe ndiyo. Ulinikuta juu ya mti wa parachichi usiku wa manane nikiimba, hukunipigia kelele. Ulikaa chini ukasubiri nishuke.

Nadhani kijana amelitatua jambo ambalo sista na mimi tulikuwa tumeliacha wazi. Tunaposema familia, orodha isiandikwe na kliniki wala na ukoo peke yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ugonjwa wake unamhusu kuliko jambo lolote. Hata hivyo siwezi kwenda naye mpaka mwisho. Kama anayeamua dawa zinunuliwe au zisinunuliwe ni baba mkubwa, basi kumwacha nje kwa sababu ana mdomo mwepesi kutamfurahisha kijana wiki moja na kumrudisha wodini wiki ya sita. Kuna watu lazima waje, hata kama hawapendwi, na waambiwe machache ya lazima. Mengine wabaki nayo wale waliochaguliwa.

SISTA: Na hayo machache ya lazima niyataje, maana tunazunguka kama vile ni maneno ya kuliwazana. Mtoto akiwa kwenye lithiamu, dawa iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu tangu John Cade alipoijaribu Australia mwaka 1949, damu yake lazima ipimwe, na figo na tezi ziangaliwe. Akiharisha na kutapika, au akishinda shambani juani bila maji, lithiamu inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, akayumba, ulimi ukawa mzito, aletwe siku hiyo hiyo. Na bibi anayemnunulia ibuprofeni duka la dawa kwa ajili ya jino, kwa upendo wote, anaipandisha lithiamu ile ile. Nani alimwambia bibi? Binti aliyevunja ungo akiwa anatumia valproeti, lazima mama ajue kwamba dawa hiyo inadhuru sana mtoto wa tumboni, na tuzungumze naye mapema, hata kama baba hapendi kusikia. Mtoto mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupanda ghafla. Usingizi ukipungua siku mbili tatu mfululizo, msisubiri aanze kugawa vyombo.

Na moja la mwisho, nalisema polepole. Mtoto akisema bora afe, aulizwe. Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hana. Na dawa zile za kupulizia nyanya na kahawa, zinazowekwa chini ya kitanda au juu ya kabati la jikoni, zifungiwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mzima mmoja anayejulikana. Hilo halimhusu mama peke yake. Zile dawa ni za baba.

Nimelitazama hilo la kufuli kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Kufuli ni bei ndogo. Haihitaji bingwa, haihitaji mtoto apone kwanza. Lakini katika nyumba nyingi za miteremko ya Meru, mwenye bomba la kupulizia na mwenye dumu la dawa ni mwanamume, na anayeelezwa kliniki kwamba dumu lifungiwe ni mwanamke. Hapo ndipo hoja yangu yote inaposimama.

MZEE: Sista, na maombi? Maana hujayataja, na hapa kila nyumba ina mchungaji.

MAMA: Mimi niseme hilo. Mwaka 2011 nilikuwa binti, nikamwona mama yangu akipanda gari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Nchi nzima ilikuwa njiani. Sitamcheka mtu aliyekwenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Mimi mwanangu namwombea kila usiku na sitaacha. Ila mchungaji akiniambia nitupe vidonge ili imani ionekane, huyo naye natamani aitwe kikao kimoja.

SISTA: Aitwe. Wapo wachungaji wanaoelewa haraka kuliko wanangu wa chuo.

MWALIMU: Tumeongeza mshili, baba mkubwa, mwalimu, mchungaji. Vikao vinane. Nauli nani? Mama akitoka Engare Nanyuki kuja mjini anapoteza siku nzima. Na mnataka aje na watu watano?

Swali la nauli ndilo linaloua mipango mizuri, na heshima ya mpango iko katika kulijibu kabla ya siku ya uzinduzi. Jibu langu ni kwamba vikao visiwe mjini vyote. Cha kwanza na cha nne viwe hospitali, ambako damu inapimwa na daktari yupo. Vingine vishuke zahanati, au ukumbi wa usharika, au darasa tupu baada ya masomo, familia nne au tano za tarafa moja zikutane, muuguzi mmoja aliyefundishwa awafuate. Kuzifuata familia tano ni nauli ya mtu mmoja. Kuziita mjini ni nauli ya watu ishirini na tano. Familia zikutane zenyewe kwa zenyewe, maana kuna mambo mama anayakubali kwa mama mwenzake aliyeyapitia ambayo kwa mtaalamu anayaitikia tu. Wanaoona aibu kukutana na majirani, na watakuwepo, wafundishwe peke yao. Itagharimu zaidi, na ni haki yao.

SISTA: Basi tuseme Jumamosi asubuhi.

MZEE: Jumamosi ni soko la Tengeru. Hutampata mwanamke mwenye ndizi, na sisi wenye ng'ombe hutatupata.

SISTA: Siku za kazi?

MWALIMU: Watoto wako shule, na nikiwaruhusu kila wiki watu watauliza.

MZEE: Jumapili, baada ya ibada ya pili. Watu wameshavaa vizuri, wameshatoka nyumbani, hawana hasira. Mimi nitakuja. Na nitamwambia mshili atoe siku hiyo neno lake: kikao hiki hakiulizi nani kasababisha. Akisema yeye, watanyamaza. Lakini baba wa mtoto siwezi kumburuta.

KIJANA: Mpigie simu wewe, babu. Sista akipiga hapokei.

MAMA: Mpigie. Mje Jumapili, nitapika kande, sikatai. Ila nawaambia mapema: baba yake asipokuja, sista, usinikabidhi mimi ile kalenda wala usinieleze habari za dumu. Mpigie tena wiki inayofuata. Nimeelezwa vya kutosha. Safari hii mweleze yeye, nami niwepo nasikia.